Ruzuku Iliyozaliwa Msibani

Kila mwisho wa Oktoba, watoto wengi wa shule nchini Marekani hurudi nyumbani na utepe mwekundu kifuani. Mzazi aliyehamia huko kutoka Goma au Mombasa huenda akadhani ni pambo la sikukuu, au ile alama ya ukimwi aliyoizoea. Kumbe utepe ule ni wa matanga.

Enrique Camarena, ambaye wenzake walimwita Kiki, alikuwa afisa wa Marekani wa kupambana na dawa za kulevya, kituo chake kikiwa Guadalajara, Mexico. Februari 1985 alitekwa nyara na wafanyabiashara wa dawa hizo. Mwezi uliofuata mwili wake ulipatikana ukiwa na alama za mateso. Rafiki zake wa Calexico, mji wa mpakani huko California alikokulia, wakaanza kuvaa tepe nyekundu. Kufikia 1988 kampeni hiyo ilikuwa ya nchi nzima, na shule zikaipokea.

Historia ya fedha ambazo serikali ya Marekani imezitoa ili shule ziwe salama na zisiwe na dawa za kulevya imekwenda hivyo hivyo. Kwanza jeneza, kisha sheria, kisha fungu la fedha. Swali la kama fedha hizo zinasaidia limekuwa likifika mwisho, wageni wakiwa wamekwisha tawanyika.

Mchezaji wa Maryland

Len Bias alikuwa na miaka 22, nyota wa mpira wa kikapu wa Chuo Kikuu cha Maryland. Juni 17, 1986, timu ya Boston Celtics ilimchagua akiwa wa pili kati ya vijana wote wa mwaka ule. Siku mbili baadaye alikuwa maiti. Kokeini ilikuwa imeusimamisha moyo wake. Spika wa Baraza la Wawakilishi, Tip O'Neill, alitoka Massachusetts, jimbo la Boston, na kwao msiba ule ulikuwa gumzo la kila mahali. Tena uchaguzi wa Novemba ulikuwa mlangoni. Akawataka wenzake walete muswada upesi, na upesi ndivyo ulivyoletwa: Oktoba 27 mwaka ule ule, Rais Ronald Reagan aliutia saini.

Sheria ile ilikuwa na mikono miwili. Mkono mmoja ulifunga: aliyekamatwa akiuza gramu 5 za kokeini ya vipande, iitwayo kraki, alikabiliwa na kifungo kisichopungua miaka 5, sawa na mwenye gramu 500 za kokeini ya unga. Mkono wa pili uligawa. Ndani ya sheria hiyo mlikuwamo Sheria ya Shule na Jamii Zisizo na Dawa za Kulevya, iliyoidhinisha dola milioni 200 kwa mwaka wa kwanza.

Fedha zilitoka Wizara ya Elimu kwenda majimboni, na majimbo yakazigawia wilaya za shule. Gavana naye alikuwa na fungu lake. Mgao ulifuata zaidi idadi ya wanafunzi, mfano wa ruzuku ya uendeshaji wa shule anayoijua mzazi wa Tanzania au Kenya. Basi karibu kila wilaya ikapata chochote, yenye shida na isiyo na shida.

Wakati ule nchi nzima ilikuwa ikiimba kibwagizo kimoja. Mke wa rais, Nancy Reagan, alizunguka akiwafundisha watoto kujibu dawa za kulevya kwa maneno matatu: sema tu hapana. Huko Los Angeles, mkuu wa polisi Daryl Gates alikuwa ameshirikiana na shule za jiji kuanzisha DARE mwaka 1983, programu ya kupeleka askari wenye sare darasani kuwafundisha watoto hatari za dawa. Wazazi waliipenda, wabunge wakaipenda zaidi. Baadaye sheria ilirekebishwa ili sehemu ya fedha za magavana iende kwenye programu za namna hiyo.

Meno ya plastiki

Mwaka 1994, Rais Bill Clinton alisaini sheria iliyoweka malengo ya elimu ya taifa, mojawapo likiwa kwamba ifikapo 2000 kila shule iwe haina dawa za kulevya wala vurugu. Mwaka huo huo ile sheria ya 1986 ikapanuliwa na kuongezwa neno "salama", maana bunduki zilikuwa zimeanza kuwatisha wazazi kuliko bangi. Sheria nyingine ikayataka majimbo yanayopokea fedha za elimu za serikali kuu yahakikishe kuwa mwanafunzi aliyeleta bunduki shuleni anafukuzwa kwa muda usiopungua mwaka mmoja.

Wakati huo watafiti walikuwa wameanza kuhesabu. Uchambuzi wa tafiti kadhaa kuhusu DARE, uliochapishwa 1994 kwa fedha za serikali yenyewe, ulionyesha kuwa iliwaongezea watoto ujuzi, lakini katika kuwazuia kutumia dawa matokeo yalikuwa madogo mno. Mtoto alijifunza majina ya dawa, akaenda zake.

Mwaka 1998 gazeti la Los Angeles Times lilifuata nyayo za ruzuku ile na kukuta vituko. Kuna mahali fedha zilinunua tiketi za Disneyland. Huko Michigan zilinunua meno makubwa ya plastiki na miswaki yake, vifaa vya kufundishia afya. Usafi wa kinywa ni jambo jema, ila hakuna aliyeweza kueleza jinsi jino la plastiki linavyomtenga kijana na kokeini.

Wizi haukuwa kiini cha tatizo. Kiini kilikuwa hesabu: zaidi ya nusu ya wilaya zilipata chini ya dola 10,000 kwa mwaka. Kiasi hicho hakiajiri mshauri nasaha hata mmoja. Kinatosha mgeni wa kutoa hotuba, fulana, vipeperushi, na tepe nyekundu za Oktoba. Walimu wakuu walinunua kile ambacho fedha ile ingeweza kununua.

Mwaka 1998 Wizara ya Elimu ikaweka masharti: wilaya ichunguze tatizo lake kwanza, iweke malengo yanayopimika, ichague njia zilizothibitishwa na utafiti, kisha ijitathmini. Miaka 12 ilikuwa imepita tangu Bias azikwe.

Columbine na mfuko mwingine

Kati ya Oktoba 1997 na Mei 1998, wanafunzi walifyatua risasi shuleni Pearl, West Paducah, Jonesboro na Springfield, miji ambayo Wamarekani wengi hawakuwahi kuisikia. Oktoba 1998 Clinton aliitisha mkutano wa usalama wa shule Ikulu. Aprili 20 mwaka uliofuata, vijana wawili waliua wanafunzi 12 na mwalimu mmoja katika shule ya Columbine, Colorado.

Mwaka huo, 1999, ulianza mpango tofauti: Shule Salama, Wanafunzi Wenye Afya. Safari hii wizara tatu, ya Elimu, ya Sheria na ya Afya, zilichanga fedha pamoja. Wilaya zilishindania, na iliyotaka kushinda ilipaswa kwenda na mkataba uliosainiwa na shule, polisi na watoa huduma za afya ya akili. Wilaya ya mjini iliweza kupata hadi dola milioni 3 kwa mwaka. Zilikuwa fedha za kuajiri watu. Mpango huo ulifikia jamii 365, lakini wilaya za shule Marekani ni zaidi ya 13,000.

Ule mfuko wa zamani ulikuwa ukichakaa. Mwaka 2001 taasisi ya utafiti ya RAND iliandika kuwa una kasoro kubwa katika muundo wake. Mwaka uliofuata ofisi ya bajeti ya Ikulu iliuweka katika kundi la mipango isiyofanya kazi. George W. Bush alipendekeza ufutwe, Barack Obama akapendekeza vivyo hivyo, na katika bajeti ya 2010 Bunge halikuutengea hata senti. Mwaka 2011 ofisi iliyousimamia ikabadilishwa jina: maneno "zisizo na dawa za kulevya" yakaondoka, yakaja "wanafunzi wenye afya".

Dola elfu kumi tena

Desemba 2015 Obama alisaini sheria mpya ya elimu yenye ruzuku nyingine ya kugawiwa karibu wilaya zote, na usalama na afya ya wanafunzi vikiwa miongoni mwa shughuli zake. Sheria hiyo ikataka wilaya isipate chini ya dola 10,000, kiasi kile kile ambacho zamani kilionekana hakitoshi kitu.

Mwaka 2018, baada ya watu 17 kuuawa shuleni Parkland, Florida, ikaja sheria ya ruzuku za kuzuia vurugu shuleni. Mei 2022 wanafunzi 19 na walimu wawili waliuawa Uvalde, Texas. Mwezi mmoja baadaye Rais Joe Biden alisaini sheria iliyotenga dola bilioni 1 kwa ajili ya kuandaa na kuajiri wataalamu wa afya ya akili shuleni. Aprili 2025 serikali ya Donald Trump ilitangaza kuzikatiza ruzuku hizo, na majimbo kadhaa yakaenda mahakamani. Hapo ndipo ilipoonekana tofauti ya utepe na mtu: utepe ukishanunuliwa haudai mshahara.

Upo mfuko mmoja ambao haujagombaniwa sana. Clinton aliutangaza kwenye ule mkutano wa Ikulu wa 1998, unaitwa Project SERV, na hadi leo unatoa fedha. Mji wa Newtown uliupata baada ya watoto 20 kuuawa katika shule ya Sandy Hook mwaka 2012, Uvalde nayo ikaupata. Masharti yake hayataki utafiti wa miaka mingi. Shule inatakiwa ieleze kilichotokea, na jinsi kilivyovuruga masomo ya watoto waliobaki.