Rubani

Baharini, rubani ni mjuzi wa njia: anajua miamba na mikondo, anawaelekeza wenye chombo. Ndege zilipokuja neno likapaa nazo, likamwangukia mshika usukani. Lakini ndani ya Lancaster, ndege ya Uingereza ya kudondosha mabomu katika Vita vya Pili vya Dunia, rubani wa maana ya kale alikuwa mtu mwingine. Aliketi nyuma ya pazia na ramani, saa na penseli, akipiga hesabu. Mwendo wa kilomita 240 kwa saa, dakika 10, umekwenda kilomita 40. Ila upepo wa ubavuni wa kilomita 60 kwa saa umekwisha kukusukuma kilomita 10 kando, na usiku huoni kitu. Ripoti ya Butt ya Agosti 1941, iliyochunguza mashambulizi ya mabomu ya Uingereza, ilifichua kwamba katika ndege zilizodai kushambulia shabaha, kama theluthi moja tu zilifika ndani ya kilomita 8 kutoka kwenye shabaha hiyo.

Katika michezo ya kompyuta kama IL-2 Sturmovik, ukizima alama ya ndege yako ramanini, kazi zote mbili, ya usukani na ya njia, ni zako. Wapo wasioizima kamwe, nami siwalaumu.