Asilimia Moja ya Nini?

Mwaka 1996 Bunge la India lilipitisha sheria mbili za watu wa mjengo. Ya kwanza iliagiza kila jimbo liwe na bodi ya kuwasaidia: pensheni, matibabu, karo ya watoto. Ya pili ilisema pesa zitatoka wapi. Kila mwenye mradi angetoa kati ya asilimia 1 na 2 ya gharama ya ujenzi, na serikali ikachagua 1. Hesabu ya darasa la nne, si ndiyo? Kumbe kesi ndizo zilikuwa zinaanza.

Sababu ya kulipisha jengo ni rahisi. Mtu wa mjengo hana bosi mmoja. Leo anabeba mawe kwa ghorofa hii, mwezi ujao yuko kwingine na kontrakta mwingine. Utamdai nani pensheni yake? Bosi hubadilika, lakini jengo haliwezi kutoroka.

Makontrakta wakaenda kortini. Hoja yao: hii ni kodi ya majengo, na katiba ya India imeachia majimbo kodi hiyo, kwa hivyo Bunge la taifa limevuka mipaka. Mwaka 2011, katika kesi ya Dewan Chand Builders, Mahakama ya Juu ilikataa. Hii ni ada, ikasema, kwa sababu pesa zenyewe zina kazi maalum: kumfaidi mfanyakazi.

Kampuni za umeme nazo zikaja na yao. Ati mitambo yao ni viwanda, na viwanda vina sheria yake. Katika kesi ya Lanco Anpara, mwaka 2016, majaji waliuliza kiwanda kiko wapi kama bado kinajengwa. Anayechanganya simiti leo halindwi na sheria ya kiwanda ambacho hakijaanza kazi. Lipeni.

Lakini "gharama" ni nini hasa? Kanuni za 1998 zilitoa bei ya ardhi na fidia ya walioumia kazini. Mashine je? Kituo cha umeme cha Unnao kilijengwa kwa mikataba tofauti: wa kuleta vifaa kando, wa ujenzi kando. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu iliamua kuwa mkataba wa kuleta vifaa tu haukatwi ada hiyo. Kisheria inaeleweka. Ila inamaanisha jinsi mikataba inavyogawanywa inaweza kuamua mfuko wa wafanyakazi utapata ngapi.

Na hata zile zilizokatwa? Mwaka 2018 mahakama hiyohiyo iliambiwa zaidi ya rupia bilioni 374 zilikuwa zimekusanywa, na takriban bilioni 95 tu ndizo zilizotumika. Robo. Kati ya vilivyonunuliwa kulikuwa na laptopu na mashine za kufua nguo, kwa watu ambao wengi wao hawakusoma.

Ili kupata chochote, lazima usajiliwe, na ili usajiliwe, uonyeshe umefanya kazi ya ujenzi siku 90 ndani ya miezi 12. Sasa nani atathibitisha? Kontrakta wa mwaka jana ashahama. Ile shida iliyofanya sheria itungwe ndiyo imekaa mlangoni, ikimzuia mwenye pesa zake kuingia.