Redio ya Baba katika Nyumba za Tanzania

Utangazaji wa redio nchini Tanganyika ulianza mwaka 1951 kwa kituo cha Sauti ya Dar es Salaam, lakini ni redio ya transista, yaani redio ndogo inayotumia betri na isiyohitaji umeme wa waya, iliyoifikisha sauti hiyo vijijini kwa wingi katika miaka ya 1960. Katika nyumba nyingi chombo hicho kilikuwa chini ya mamlaka ya baba, aliyechagua idhaa na kubana matumizi ya betri, huku watoto wakinyamaza wakati wa taarifa ya habari na kujifunza humo Kiswahili sanifu na majina ya nchi za mbali. Nje ya nyumba pia redio ilisikilizwa kwa pamoja: mwaka 1973 kampeni ya afya iliyoitwa Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima takribani milioni 2 katika vikundi vya usikilizaji, vilivyojadili vipindi vya redio na kisha kuchimba vyoo. Televisheni, iliyoanza Tanzania Bara mwaka 1994, na baadaye simu za mkononi, zilimwezesha kila mwanafamilia kuchagua peke yake cha kusikiliza na kutazama. Usikilizaji wa pamoja ulikuwa malezi, na wazazi wa leo wanapaswa kuurejesha kwa makusudi.