Wakala wa Ajira na Kazi ya Kampuni Kubwa: Hukumu Yake, na Khabari ya Manamba wa Kasulu na Kibondo



Swali hili hutufikia kwa sura nyingi, lakini kiini chake ni kimoja. Kijana amesoma kompyuta, anaandika programu, na siku moja anapata ujumbe kwenye simu kutoka kwa mtu anayesema kwamba anatafutia wafanyakazi kampuni kubwa ya teknolojia. Wazee wanauliza: inajuzu kumfuata mtu huyo? Inajuzu kumlipa? Na tutamjuaje kuwa ni mkweli?

Jibu kwa mukhtasari: kumfuata inajuzu. Kumlipa hakumpasi kijana, na mara nyingi malipo hayo ni rushwa au ni mtego. Ukweli wake utafuteni kwa maswali mawili: nani anamlipa yeye, na mkataba unasomwa kabla ya safari au baada yake. Ufafanuzi ni huu ufuatao.

Wakala wa ajira si jambo jipya katika nchi yetu, ijapokuwa simu ni mpya. Waliomjua kwa muda mrefu ni watu wa nyanda za juu za Kigoma, khasa Kasulu na Kibondo, nchi ya Waha iliyopakana na Burundi. Kasulu ndiyo iliyokuwa himaya ya Heru, na Kibondo ni Muhambwe, jina ambalo hadi leo ni la jimbo la uchaguzi. Ardhi yao ina mvua na inaotesha, kwa hiyo tatizo lao halikuwa njaa ya kila siku. Tatizo lilikuwa kodi. Serikali ya Kiingereza ilitaka kodi ya nyumba na ya kichwa kwa fedha taslimu, na kutoka Kibondo hadi sokoni palikuwa mbali. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, lakini vilima vya Buha viliachwa pembeni. Mihogo na maharage huwezi kumpa karani wa kodi. Kijana akawa hana cha kuuza ila nguvu zake, na wenye kuzihitaji nguvu hizo walikuwa mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, mamia ya maili kutoka kwao.

Hapo ndipo alipoingia wakala. Kabla ya mwaka 1944 wengi wao walikuwa wafanyabiashara binafsi wenye leseni, waliolipwa na mashamba kwa kila kichwa walichokileta. Msomaji alitazame vizuri jambo hili, kwani ndilo shina la mas-ala yote. Mtu anayelipwa kwa kichwa faida yake iko katika idadi. Akimwambia kijana ukweli wote kuhusu miiba ya mkonge, joto la pwani na kipimo cha kazi, huenda kijana akabaki kwao, na wakala akakosa fedha yake.

Mwaka 1944 chama cha wenye mashamba ya mkonge kiliunda ofisi yake cha kuajiri, iliyojulikana kwa jina la SILABU, ikawa na vituo bara na kambi za njiani. Ilifanya kazi hiyo hadi katikati ya miaka ya 1960. Kwa insafu, lazima tuseme ilikuwa na nidhamu kuliko wale wa kabla yake: gharama za usafiri na chakula cha njiani zilikuwa juu ya wenye mashamba, mtu alipimwa afya, na mkataba ulipokwisha alirudishwa kwao. Wapo waliorudi na fedha ya kodi, na nguo, na mahari. Lakini mkataba ulitiwa dole gumba mbali na shamba, na mtu ambaye hakuweza kuusoma. Chini ya sheria ya mabwana na watumishi ya mwaka 1923, kuikimbia kazi kabla ya muda lilikuwa ni kosa la jinai. Mwezi wa kazi haukuwa mwezi wa kalenda, bali kipande cha siku thelathini zilizotiwa alama, na siku ambayo mtu hakumaliza ngwe yake iliweza kupita bila ya alama. Aliyedhani anakwenda kwa miezi kadhaa alijikuta amekaa zaidi ya alivyohesabu. Na jina walilobaki nalo ni manamba, kwa sababu kila mmoja aliandikiwa namba. Leo neno hilo ni tusi kwa mtu wa hali ya chini, na wengi wanaolitamka hawajui kwamba lilianza kwenye daftari la wakala.

Katika fiqhi, hapa pana akdi mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni ijara, baina ya mwajiri na mfanyakazi. Kwa wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi'i sharti lake ni kuwa manufaa yanayouzwa na ujira wake vijulikane. Ya pili ni malipo ya wakala, nayo huwa ni ju'ala: mwenye haja anasema, atakayeniletea jambo fulani nitampa kiasi fulani. Msingi wake unatajwa katika kisa cha Nabii Yusuf (alayhis salaam), pale ilipoahidiwa shehena ya ngamia kwa atakayelileta kopo la mfalme. Imam Bukhari ameweka mlango maalumu kuhusu ujira wa dalali, akataja humo baadhi ya Taabi'ina, miongoni mwao Ibn Sirin na Al-Hasan, ambao hawakuona ubaya ndani yake. Kwa hiyo kazi ya wakala ni halali kwa asili yake. Aliyeahidi ndiye anayelipa, na katika kazi za kampuni mwenye haja aliyeahidi ni kampuni.

Ukielewa hilo, utaelewa kwa nini kijana hadaiwi kitu. Wanaotafuta wafanyakazi kwa ajili ya kampuni kubwa ni wa namna mbili: walioajiriwa na kampuni yenyewe kwa mshahara, na ofisi za nje zinazolipwa na kampuni mtu anapopatikana. Wote wawili wana mlipaji. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, umeweka kanuni hiyo hiyo: wakala binafsi wa ajira asimtoze mfanyakazi ada, isipokuwa katika hali maalumu ambazo serikali imezitangaza. Anayekuomba laki mbili za fomu, au za mafunzo ya usaili, au za kulishughulikia jina lako, anataka kulipwa mara mbili au hana kampuni yoyote nyuma yake.

Pana pia shafaa, yaani mtu aliye ndani ya kampuni kukupendekeza. Hii ndiyo njia yenye nguvu kuliko zote, na vijana wa visiwani wanaikosa kwa sababu wanaona haya kuomba. Qur-ani, katika Surat An-Nisaa, imeisifu shafaa njema na imemuahidi mwenye kuifanya fungu lake. Kampuni nyingi humpa mfanyakazi wake zawadi iliyotangazwa akimleta mtu akaajiriwa. Hiyo ni ju'ala baina yake na mwajiri wake, haina tatizo. Lakini akichukua kitu kutoka kwa kijana, tumeingia kwenye mlango mwengine: katika Sunan Abu Daud kuna Hadithi inayoonya vikali dhidi ya zawadi inayopokewa kwa ajili ya shafaa, ikaifananisha na riba. Na asimpendekeze asiyemjua. Binti wa mzee wa Madyan alimpendekeza Nabii Musa (alayhis salaam) kuwa ni mwenye nguvu na muaminifu baada ya kuona mwenyewe namna alivyowanyweshea wanyama wao. Kwa mwandishi wa programu, kunywesha huko ni kazi yake inayoonekana: programu alizoandika na kuziweka wazi ambapo wenzake wanaweza kuzisoma, hitilafu alizorekebisha katika miradi ya wengine. Shahada bila ya kazi ya kuonekana huishia chini ya rundo.

Kisha kijana amuandikie wakala maneno machache: mimi ni fulani, ninaomba nafasi hii yenye namba hii, nimefanya hivi, itazame hapa. Asiandike kurasa tatu za kuomba huruma. Kujitaja kwa sifa ulizonazo pale zinapohitajika si kujivuna. Nabii Yusuf alipoomba kusimamia hazina za nchi alizitaja sifa zake mbili, uhifadhi na ujuzi, naye alikuwa nazo zote mbili. Ama kuandika katika wasifu lugha ya programu usiyoijua, au miaka ya kazi usiyoifanya, huko ni ghushi, na ujira unaopatikana kwa ghushi una maneno mazito. Isitoshe, hudumu kidogo. Baada ya mazungumzo ya mwanzo na wakala, ambayo huwa ya nusu saa au karibu ya hapo, hufuata usaili wa wahandisi wenyewe, na hapo mtu huandika programu mbele ya macho yao. Wakala hana uwezo wa kukupitisha. Google, kwa mfano, imejulikana kwa utaratibu wa kamati inayosoma maoni ya wasaili ndipo iamue. Basi anayekuahidi kazi bila ya usaili, kwa kampuni ya daraja hiyo, hasemi kweli.

Wala tusidhani kazi hizi ziko ng'ambo ya bahari tu. Microsoft ilifungua kituo cha uhandisi wa programu Nairobi mwaka 2019, na Google ikatangaza cha kwake Nairobi mwaka 2022. Nairobi si mbali na sisi.

Lakini Nairobi hiyo hiyo inatupa na onyo. Kampuni inayoitwa Sama iliajiri vijana kutoka nchi mbalimbali za Afrika kwa sababu ya lugha zao, ili wakague yanayowekwa katika Facebook. Daniel Motaung, aliyetoka Afrika Kusini mwaka 2019, alifungua kesi mwezi wa Mei 2022, akidai pamoja na mengine kwamba hakuelezwa ukweli wa kazi kabla ya kuondoka kwao. Kazi yenyewe ilikuwa kutazama picha za mauaji na unyanyasaji siku nzima. Mwezi wa Januari 2023 Sama ikatangaza kuiacha kazi hiyo, na wakaguzi 184 wakaenda mahakamani. Meta, yenye Facebook, ilishikilia kwamba haiwezi kushitakiwa Kenya kwani si mwajiri wao. Mahakama ya Rufaa ya Kenya mwezi wa Septemba 2024 ikasema inaweza kushitakiwa. Hatuhukumu kesi ambayo mahakama ndiyo yenye kuihukumu. Tunachokiona ni kwamba jina kubwa lililosikika na jina lililoandikwa katika mkataba yalikuwa mawili tofauti. Mtu wa Kibondo aliyetia dole gumba kituoni angeielewa haraka kesi hii.

Na pana baya zaidi ya hilo. Tangu mwaka 2022, vijana wa Kenya, Uganda na Ethiopia wamefuata matangazo ya kazi za kompyuta na huduma kwa wateja Thailand, wakavushwa mpaka hadi Myanmar, wakafungiwa na kulazimishwa kuwatapeli watu mitandaoni. Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, katika ripoti ya Agosti 2023, ilikadiria watu wasiopungua 120,000 Myanmar na kiasi cha 100,000 Cambodia waliokuwa katika hali hiyo. Wengi wa wanaotegwa hivyo ni waliosoma. Tuliozoea kuonya kuhusu kazi za majumbani za Ghuba tulikuwa tunawatazama mabinti tu. Mtego huu umewekwa kwa kijana mwenye digrii. (Mas-ala ya binti kusafiri peke yake yana mahala pake, hatuyaingizi hapa.)

Kwa hiyo, kabla ya kijana kuondoka, familia ikae pamoja naye na waangalie. Barua pepe inatoka kwenye anuani ya kampuni yenyewe, au kwenye anuani ya bure ambayo yeyote anaweza kuifungua? Nafasi hiyo ipo katika tovuti ya kampuni? Ikiwa haipo, muulizeni wakala sababu, na mwambieni kijana aandike moja kwa moja kwa kampuni kuuliza. Mkataba unamtaja nani kuwa ni mwajiri, mahakama za nchi gani, muda gani, mshahara kwa mwezi upi, na akiacha kazi anadaiwa nini? Mzee wa Madyan aliyaweka wazi mambo hayo kwa Musa kabla ya siku ya kwanza ya kazi: miaka minane, na kumi ikiwa ni kwa hiyari yake, na kwamba hataki kumtia mashakani. Mkataba unaoletwa uwanja wa ndege, au unaobadilishwa baada ya kufika, hauna ridhaa ndani yake. Pasi ya kusafiria haikabidhiwi kwa wakala. Na visa ya kutembea si visa ya kazi, hata akila yamini.

Kwa visiwani ipo Sheria ya Ajira namba 11 ya mwaka 2005, na Kamisheni ya Kazi ndipo pa kuuliza kama wakala anatambulika. Kwa ndugu zetu wa bara, Kasulu na Kibondo wakiwemo, wapo TaESA chini ya wizara inayohusika na kazi. Ukiona wakala anakasirika kwa kuulizwa leseni, jibu mmeshalipata. Fedha iliyokwisha kulipwa kwa mtu wa aina hiyo ni haki ya mwenyewe kuidai, na ushahidi wa ujumbe wa simu usifutwe. Upelekwe polisi kama ulivyo.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.