Shamba la Ufukweni

SEHEMU YA TATU

ILIPOISHIA: Malindi, Oktoba 1940. Bwana mwenye hoteli ametangaza kujenga vibanda vipya vya wageni upande wa kusini, penye minazi ya mpishi wake ambaye sote twamwita Ami. Wapimaji watafika asubuhi. Usiku huo Ami ananiita jikoni na kufunga mlango.

SASA ENDELEA...

Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa mablanketi. Ilikuwa amri ya vita, taa isionekane kutoka angani, maana Waitaliano walikuwa Somalia, si mbali nasi. Ami alikuwa amekaa juu ya mbuzi, anakuna nazi ya mahamri ya asubuhi.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mwanangu. Keti. Wewe umepita chuoni. Herufi za Kiarabu wazijua?"

"Nazijua."

Alikuna nazi hadi kifuu kikabaki kitupu, akakiweka kando, ndipo akasema.

"Wageni hudhani hapa pameanza na wao. Walipokuja kina Lawford kufungua hoteli, miaka ya 1930, wakaona ufukwe mtupu, mchanga na minazi. Hawakuuliza nani aliyeipanda."

Nilinyamaza. Mimi mwenyewe, boi wa mezani, sikuwahi kuuliza. Nilichojua ni safari ya wageni wetu: treni kutoka Nairobi, gari kupita daraja la kuelea la Nyali lililofunguliwa 1931, kisha vivuko vya Mtwapa na Kilifi vilivyovutwa kwa mikono ya watu walioimba huku wakivuta. Nilijua pia kwamba Hemingway, mwandishi wa Marekani, alikuja kuvua samaki hapa mwaka wa 1934. Ya kabla ya hapo hatukusimuliwa.

"Huu mji ulikuwa gofu," Ami aliendelea. "Seyyid Majid wa Unguja ndiye aliyeufufua, mwaka wa 1861. Yakalimwa mashamba ya mtama na ufuta, majahazi yakapakia mpaka Arabuni. Waliolima ni watumwa. Baba yangu alikuwa mmoja wao. Jembe lake lilipita hapa hapa ulipokaa."

Mwaka wa 1907 Serikali ikafuta utumwa. Mashamba yakakosa watu wa kuyalima, yakamea pori. Mwaka uliofuata ikatungwa sheria ya hati za ardhi katika ukanda wa pwani wa Sultani: kila mwenye shamba aende kulidai. Lisilodaiwa, au lililokosa ushahidi, likawa mali ya Serikali ya Kiingereza. Ardhi ya aina hiyo ndiyo iliyopimwa na kuuzwa, na hoteli zikasimama juu yake.

"Baba alikwenda kudai," Ami alisema. "Akaambiwa shamba halina mwenyewe, yupo muungwana aliyekula kiapo. Hakuambiwa ni nani. Alirudi nyumbani, na mwaka huo haukwisha tukamzika."

Akainuka, akatoa bati la chai nyuma ya gunia la mchele. Ndani mlikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, imeliwa na mende pembeni.

"Mama aliificha ndani ya godoro. Nimeipata juzi alipofariki. Nisomee."

Nikaisogeza kwenye taa ya karabai. Ilikuwa imeandikwa mwaka wa 1310 wa Hijria. Mwenye shamba alimwacha huru mtumwa wake, akampa kipande cha ardhi na minazi arubaini, kutoka mkwajuni hadi maji yanapofika. Nilisoma kwa sauti. Ami akafumba macho, midomo yake ikirudia kila neno.

"Mashahidi?" akauliza.

Yalikuwepo majina mawili. La kwanza sikulijua. La pili nililitambua kabla sijalimaliza. Lilikuwa la babu yangu, mzaa baba.

Babu ambaye nyumbani husifiwa kwa kiapo alichokula mbele ya msajili wa ardhi, kwamba ufukwe wa kusini hauna mwenyewe. Kwa kiapo hicho alipata ukarani serikalini, na kwa mshahara wa ukarani tukajenga nyumba ya mawe. Alikuwa hai. Usiku ule alikuwa amelala Shela, mwendo mfupi kutoka jikoni pale.

"Mbona umenyamaza, mwanangu?"

Ndipo tuliposikia mngurumo. Ulitoka kaskazini, juu ya bahari, ukizidi kukaribia. Nje mtu akapiga kelele, "Ndege! Zimeni taa!" Miguu ya wageni ikakimbilia handakini. Ami akaizima karabai kwa pigo moja. Ukabaki mwanga wa makaa tu.

"Twende, Ami!"

"Siendi popote," sauti yake ilikuwa imara. "Nimengoja tangu utotoni. Nitajie jina."

Karatasi ilikuwa mkononi mwangu. Makaa yalikuwa hatua moja mbele yangu, na Ami, gizani, hakuweza kuuona mkono wangu ukinyooka kuyaelekea.

ITAENDELEA WIKI IJAYO