Rafu za Kukodi: Majarida ya Kielektroniki katika Maktaba ya Mlimani

Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina majarida ya namna mbili, na msomaji akiangalia katalogi peke yake hawezi kuona tofauti yake. Kuna yaliyofungwa majalada magumu na kupangwa rafuni mwaka baada ya mwaka. Mengine hayapo kabisa katika kampasi ya Mlimani. Yamo kwenye kompyuta za wachapishaji wa Ulaya na Marekani, na chuo kimepewa ruhusa tu ya kuyasoma. Kwa kawaida safari ya kutoka huku kwenda kule husimuliwa kama habari ya maendeleo: zamani karatasi, leo mtandao. Masimulizi hayo yana ukweli, ila yanaruka jambo kubwa zaidi, nalo ni umiliki. Maktaba iliyokuwa mwenye nyumba imegeuka mpangaji, na mpangaji ana shughuli ambazo mwenye nyumba hazijui: kujadili mkataba kila unapokwisha, kutunza nywila, kuhakikisha kompyuta zinawaka, kumfundisha kila anayeingia namna ya kufungua mlango. Hoja yangu ni kwamba shughuli hizo, zinazohesabiwa kuwa huduma za pembeni, ndizo zilizoamua nani amesoma nini, kuliko idadi ya majarida iliyotangazwa na wafadhili.

Chuo kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1964 kikahamia Mlimani, na mwaka 1970 kikawa chuo kikuu kamili. Maktaba yake ilijengwa juu ya mihimili miwili. Mmoja ulikuwa sheria iliyowataka wachapishaji wa nchini kuwasilisha nakala za vitabu vyao. Wa pili ulikuwa fedha za kigeni, kwa sababu majarida ya kitaaluma yalilipiwa kwa pauni na dola. Mhimili huo wa pili ndio uliovunjika. Bei ya mafuta ilipanda, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikasambaratika mwaka 1977, vita vya Kagera vikafuata, na kufikia miaka ya 1980 jarida la kemia lilikuwa linagombea dola zilezile na dawa za hospitali na vipuri vya viwanda. Hapakuwa na waziri wa fedha ambaye angelipa jarida kipaumbele, na sidhani kama alistahili kulaumiwa. Mifululizo ikakatika. Lakini tuangalie vizuri kilichotokea: toleo jipya halikufika, la zamani likabaki. Mwanafunzi wa mwaka 1985 aliyekosa makala ya 1984 aliweza kusoma ya 1974, kwani maktaba ilishainunua na hakuna aliyeweza kuja kuidai.

Teknolojia ya kwanza kuziba pengo hilo haikuhitaji intaneti. Ilikuwa diski. Muhtasari wa makala za tiba ulipatikana katika diski za MEDLINE, na mwaka 1999 maktaba ya Mann ya Chuo Kikuu cha Cornell, kwa msaada wa Wakfu wa Rockefeller, ilitoa TEEAL, mkusanyiko wa majarida zaidi ya 100 ya kilimo uliowekwa kwenye diski kwa ajili ya nchi maskini. Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kilikuwa miongoni mwa walioutumia. Hapo ndipo kazi ya mkutubi ilipobadilika sura. Mtafiti hakuweza kuvinjari kwa macho kama alivyofanya rafuni. Alikaa kando ya mtu aliyejua diski ipi ina miaka ipi, maneno ya kutafutia yaunganishwe vipi, na printa ikikwama ifanywe nini. Umiliki bado ulikuwepo kwa kiasi fulani, maana diski ilikaa kabatini hata ada ya mwaka uliofuata isipolipwa.

Mwaka 2002 ulileta upangaji wenyewe. Januari mwaka huo Shirika la Afya Duniani na wachapishaji sita wakubwa walizindua HINARI ikiwa na majarida yapatayo 1,500 ya tiba. Nchi zenye pato la chini ya dola 1,000 kwa mtu kwa mwaka zilipewa bure. AGORA ya kilimo ikafuata mwaka 2003. Sambamba na hizo, shirika la INASP la Oxford liliendesha PERI, mpango uliozipatia Tanzania na nchi nyingine mikataba ya bei nafuu na, jambo lisilosifiwa vya kutosha, mafunzo kwa wakutubi. Ghafla, chuo ambacho kilishindwa kulipia majarida machache kikawa na haki ya kusoma maelfu.

Haki ya kusoma, lakini kusoma kwenyewe? Tupige hesabu. Kabla ya mkongo wa baharini, vyuo vyetu vilitegemea satelaiti. Utafiti wa mwaka 2004 ulionyesha kuwa chuo kikuu cha wastani barani Afrika kilikuwa na kasi ya mtandao inayolingana na ya nyumba moja ya Ulaya au Marekani, na kwa kasi hiyo kilitozwa bei mara 50 zaidi. Chukua laini ya megabiti moja kwa sekunde, igawe kwa kompyuta 100 zinazotumika kwa pamoja. Kila moja inapata kilobiti 10. Makala moja yenye picha, ya megabaiti mbili, itachukua karibu nusu saa kushuka, umeme usipokatika. Na mwaka 2006, ukame ulipoyakausha mabwawa, nchi nzima iliingia kwenye mgawo wa umeme. Ongeza masharti ya mpangaji: HINARI ilitoa jina na nywila moja kwa taasisi nzima, ikikabidhiwa maktaba na kutakiwa isisambazwe ovyo, na majarida mengine yaliitambua kompyuta kwa anwani yake ya IP tu, hivyo ukitoka nje ya kampasi mlango unafungwa. Kila kizuizi hapa kilihitaji mtu wa kukiondoa: fundi wa kugawa laini, mkutubi wa kuitunza nywila na kumpa mhadhiri mpya, mwalimu wa kuendesha semina. Pale ambapo watu hao hawakuwepo, orodha ya majarida ilibaki orodha.

Wapo watakaosema hayo yamepita. Mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009, na leo mwanafunzi ana intaneti mfukoni, anafungua Google Scholar, na asipopata njia ya halali anajua njia ya Sci-Hub, tovuti inayotoa makala bila idhini ya wachapishaji. Maktaba ya nini? Kasi kweli imepatikana, na machapisho huria yameongezeka sana. Hata hivyo mkongo uliondoa kizuizi kimoja na kuviacha vingine vikae wazi zaidi. Mwanafunzi aliye Sinza na simu yenye kasi bado si mtu wa kampasi machoni pa mchapishaji, mpaka maktaba iweke mfumo wa kumtambulisha kutoka mbali. Na anayeegemea Sci-Hub amehamia kwa mwenye nyumba mwingine, asiye na mkataba naye wowote, anayeweza kufungwa kwa amri ya mahakama ya nchi asiyowahi kufika.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kwamba kukodi ni utegemezi, na ingekuwa heri kununua karatasi chache tukazimiliki. Kumbukumbu ya miaka ya 1980 inalipunguza nguvu, kwani karatasi nayo ilitufanya tutegemee pauni na dola, na ilipotushinda hatukupata hata ruhusa ya kuazima. Lakini halifutiki. Januari 2011 wachapishaji kadhaa wakubwa waliifungia Bangladesh majarida yao ndani ya HINARI, wakiona kuwa nchi hiyo sasa ilikuwa na wanunuzi. Kelele zilipigwa, nao wakarudisha. Tofauti na msomaji wa Mlimani wa mwaka 1985, daktari wa Dhaka alipoteza kwa siku moja matoleo mapya na ya zamani kwa pamoja. Kinga ya mpangaji dhidi ya hilo ni kujadiliana akiwa na wenzake, na ndiyo maana ya miungano kama COTUL kwa maktaba za vyuo na utafiti Tanzania na KLISC kwa Kenya: maktaba nyingi, sahihi moja, gharama ya kugawana.

Turudi Mlimani. Novemba 2018 chuo kilizindua maktaba mpya iliyojengwa kwa msaada wa China, yenye nafasi ya wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja. Wengine waliona ajabu kujenga jengo kubwa hivyo wakati majarida yameondoka majengoni. Mimi naona swali lingine: ni nini ndani yake ambacho chuo kinamiliki na ulimwengu hauna? Jibu ni tasnifu za wahitimu wake, mkusanyo wa Afrika Mashariki, na majarida yanayochapwa hapahapa, likiwemo jarida la Kiswahili la iliyokuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI). Huku hakuna mchapishaji wa kuomba ruhusa ya kila mwaka. Kinachohitajika ni skana, seva, nakala za akiba, na watu wa kuingiza taarifa za kila tasnifu kwa usahihi, kurasa baada ya kurasa za mashine ya taipu zilizofifia. Wafadhili hununua skana kwa furaha, kwa sababu inapigwa picha siku ya makabidhiano. Mshahara wa anayeiendesha mwaka wa nne, mradi ukishafungwa, ni fungu la bajeti ya chuo chenyewe, na fungu hilo linagombaniwa na mabweni, maabara na ada za majarida ya kukodi.