Mkanda Mweupe: Historia ya Mwanagenzi katika Judo na Karate

Hadi katikati ya karne ya 19, mapigano ya mikono mitupu nchini Japani yalifundishwa katika shule nyingi za jujutsu, kila moja ikiwa na mbinu zake na mstari wake wa walimu waliorithishana. Aliyetaka kujiunga aliapa kwanza, na katika shule kadhaa kiapo hicho kilitiwa muhuri kwa damu ya kidole. Aliahidi kumtii mwalimu na kutowaonyesha watu wa nje yale aliyofundishwa. Hapakuwa na mikanda ya rangi wala mitihani ya kila baada ya miezi michache. Maendeleo yake yalithibitishwa kwa hati chache tu, kama vile mokuroku, iliyoorodhesha mbinu alizokwisha kuzipata, na hatimaye menkyo, iliyompa idhini ya kufundisha. Kati ya hati na hati miaka mingi iliweza kupita.

Mageuzi ya Meiji yaliyoanza mwaka 1868 yalizivunja nguzo za mfumo huo. Tawala za makabaila zilifutwa mwaka 1871, na mwaka 1876 samurai walikatazwa kubeba panga hadharani. Walimu wa jujutsu waliokuwa wakilishwa na mabwana zao walibaki bila kazi. Baadhi yao walijitafutia riziki kwa kuunga mifupa na kurudisha viungo vilivyoteguka, ujuzi uliokuwa sehemu ya mafunzo yao tangu zamani.

Ni kwa waunga mifupa hao ndiko Kano Jigoro, aliyezaliwa mwaka 1860, alikoulizia mwalimu wa jujutsu alipokuwa mwanafunzi wa chuo jijini Tokyo. Alikuwa na mwili mdogo na alichoka kuonewa na wenzake wenye nguvu. Mwaka 1877 alipokelewa na Fukuda Hachinosuke wa shule ya Tenjin Shin'yo. Inasimuliwa kwamba Kano alipomwuliza jinsi mwereka fulani unavyofanyika, Fukuda hakueleza neno: alimwangusha, akamwita tena, akamwangusha tena. Ndivyo ilivyokuwa kawaida ya wakati ule. Mwanagenzi alijifunza kwa kuangushwa, na maana ya mbinu aliigundua mwenyewe, au asiigundue kabisa. Baadaye Kano alijifunza mtindo wa Kito kwa Iikubo Tsunetoshi, ambako alizingatia namna ya kumyumbisha mpinzani kabla ya kumwangusha.

Mwaka 1882, akiwa na umri wa miaka 21 na tayari ni mwalimu wa shule, Kano alianzisha Kodokan, shule ya mtindo wake aliouita judo, katika hekalu la Eishoji jijini Tokyo. Ukumbi ulikuwa na mikeka 12 tu ya tatami, na mwaka wa kwanza walijiandikisha wanafunzi 9. Desturi ya kuapa na kutia jina daftarini aliihifadhi, lakini ufundishaji aliubadilisha. Kila mwereka ulichambuliwa kwa hatua tatu: kumtoa mpinzani kwenye mizani, kujiweka mahali panapofaa, kisha kumwangusha. Mwanafunzi mpya alifundishwa kwanza kuanguka bila kuumia, kwa kuupiga mkeka kwa mkono na kukinga kichwa. Mapigo na mbinu nyingine za hatari ziliwekwa katika kata, yaani mazoezi yenye mpangilio uliokubaliwa mapema, ili pambano huru liitwalo randori liweze kufanywa kila siku bila kuvunjana viungo.

Kano aligawa pia safari ya mwanafunzi katika madaraja. Utaratibu wa dan ulikuwa ukitumika tangu zamani kwa wachezaji wa go, mchezo wa ubaoni, naye akauhamishia kwenye judo. Mwaka 1883 Saigo Shiro na Tomita Tsunejiro walikuwa wa kwanza kupewa dan ya kwanza. Walio chini ya hapo waliwekwa katika madaraja ya kyu. Miaka michache baadaye wenye dan walianza kufunga mkanda mweusi, na wanagenzi wakabaki na mweupe. Masimulizi kwamba mkanda ulikuwa mweusi kwa uchafu wa miaka mingi ya mazoezi hayana ushahidi: rangi iliwekwa makusudi ili daraja la mtu litambulike kwa macho.

Mpango huo ulienea kupitia shule. Kuanzia mwaka 1893 Kano aliongoza kwa miaka mingi Shule ya Juu ya Ualimu ya Tokyo, na walimu waliohitimu hapo walipeleka judo mikoani. Mwaka 1911 serikali iliruhusu jujutsu na upanga wa kendo viingizwe katika masomo ya shule za kati.

Karate ilipita njia iliyofanana na hiyo. Huko Okinawa ilikuwa ikifundishwa kwa faragha, mwalimu mmoja na wanafunzi wachache, na mwanagenzi aliweza kurudia kata moja kwa miaka. Itosu Anko aliiingiza katika shule ya msingi ya Shuri mwaka 1901, akatunga kata tano za Pinan zilizowafaa vijana. Mwanafunzi wake Funakoshi Gichin, ambaye pia alikuwa mwalimu wa shule, alionyesha karate Tokyo mwaka 1922, na Kano akamwalika Kodokan. Funakoshi alichukua vazi la judo katika umbo jepesi zaidi pamoja na madaraja yake, na mwaka 1924 alitoa dan za kwanza za karate. Madarasa makubwa ya vyuo vikuu yaliimarisha mazoezi ya safu, ambapo wanafunzi hupiga ngumi na teke moja moja kwa kufuata hesabu ya mwalimu.

Rangi nyingi za mikanda zilistawi Ulaya. Klabu ya Budokwai, iliyoanzishwa London na Koizumi Gunji mwaka 1918, ilikuwa ikizitumia katika miaka ya 1920. Kawaishi Mikonosuke, aliyefika Paris mwaka 1935, aliueneza Ufaransa mfululizo wa nyeupe, manjano, chungwa, kijani, buluu na kahawia kabla ya nyeusi. Watu wazima waliofanya mazoezi mara chache kwa wiki walipata hatua fupi zinazoonekana. Karate na taekwondo zilifuata utaratibu wa aina hiyo, huku jujutsu ya Brazili, iliyochipuka kutokana na mafunzo ya Maeda Mitsuyo wa Kodokan, ikipanga watu wazima kwa nyeupe, buluu, zambarau, kahawia na nyeusi. Idadi ya madaraja ya chini na muda wa kusubiri mtihani hutofautiana kati ya mtindo na mtindo, na hata kati ya shirikisho na shirikisho, lakini karibu kote mwanagenzi huanza na mkanda mweupe.